UZI: Pantheon ya Roma, kuba la zege lisilo na nondo hata moja. Karibuni tulichambue

Timazi (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni usimamizi wa ujenzi. Miaka mingi nimeishi na zege: kulikoroga, kulimwaga, kulimwagilia maji, na mara nyingine kulibomoa. Mwaka jana nilikwenda Italia kwa mafunzo ya wiki tatu, na siku moja ya mapumziko nikapanda treni hadi Roma kutazama jengo moja tu. Nilipoingia mvua ilikuwa inanyesha, na ilikuwa inanyesha mpaka ndani. Katikati ya kuba kuna tundu la duara lenye upana wa karibu mita 9. Halina kioo wala kifuniko. Maji yalishuka kutoka kule juu hadi sakafuni, zaidi ya mita 43, watu wamesimama pembeni kimya wanatazama. Mimi nilikuwa natafuta vile vitu ninavyoviona kila wiki kwenye majengo yenye umri wa mtoto wa sekondari: zege lililobanduka, kutu inayotiririka ukutani, nondo zilizochungulia nje. Sikuona hata kimoja. Jengo lina miaka 1,900, ukipunguza au kuongeza michache.

Nimeuleta uzi huu kwa sababu picha ya Pantheon ikipita tu mitandaoni, chini yake wanaandika kwamba Warumi walikuwa na siri ya zege na siri hiyo imepotea. Neno hilo "siri" linanikera, maana ukishasema siri umeshaacha kujifunza. Mambo mengi waliyofanya yanaonekana kwa macho, na mengine waliyaandika wenyewe.

Kwanza tutenganishe majina, kwani yanachanganywa sana. Parthenon iko Athens, Ugiriki. Ni hekalu la Athena, la marumaru, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK. Pantheon iko Roma, jina lake linabeba maana ya "miungu yote", na imejengwa kwa zege na matofali. Kati yake na mwenzake kuna zaidi ya miaka 550. Parthenon nitairudia, kwa sababu ina kisa cha chuma ambacho kila anayesuka nondo anapaswa kukijua.

Ukisimama uwanjani mbele ya Pantheon unasoma maandishi makubwa: M·AGRIPPA·L·F·COS·TERTIVM·FECIT. Yaani Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, konsuli (cheo cha juu kabisa cha uongozi Roma) kwa mara ya tatu, ndiye aliyejenga. Karne kwa karne watu waliamini hivyo. Lakini jengo la Agrippa, la miaka ya 20 KK, liliungua mwaka 80 BK. Kaisari Domitian akalijenga upya, radi ikaliunguza tena mwaka 110. Hili tunaloliona lilikamilika zama za kaisari Hadrian, karibu mwaka 126, naye akarudisha jina la mwanzilishi pale juu, la kwake akaliacha. Aliyefichua jambo hilo ni tofali. Viwanda vya matofali vya Roma vilikuwa vinagonga mihuri kwenye tofali bichi, na mwaka 1892 Mfaransa Georges Chedanne alipolikagua jengo akakuta mihuri ya enzi za Hadrian. Mingine ni ya mwisho wa utawala wa Trajan aliyemtangulia, ndiyo maana wapo wanaosema kazi ilianza kabla Hadrian hajakalia kiti.

Sasa vipimo. Ndani ni chumba cha duara chenye kipenyo cha mita 43.3. Kutoka sakafuni hadi kwenye lile tundu, ambalo wenyewe wanaliita jicho, ni mita 43.3 vilevile. Ukipata mpira wa upana huo ungeingia humo ukagusa sakafu, kuta na ukingo wa jicho kwa pamoja. Kwa zege lisilo na chuma ndani yake, hakuna kuba kubwa kuliko hili duniani hadi leo hii.

Hapa ndipo utamu ulipo, wale wa site nisikilizeni.

Sisi tukimwaga jengo tunatumia kokoto ileile tangu msingi hadi paa. Wao walibadilisha kokoto kadiri walivyopanda. Kwenye msingi waliweka travertino, jiwe zito la chokaa. Kwenye kuta za chini wakaichanganya travertino na tufu, lile jiwe la majivu ya volkano yaliyogandamana. Juu zaidi tufu na vipande vya matofali. Kuba linapoanza, vipande vya matofali. Na kule juu karibu na jicho wakaweka tufu nyepesi pamoja na jiwe la povu la volkano, jamaa yake lile jiwe la kusugulia visigino ambalo ukilitupa majini linaelea. Mtu aliyepanga hivyo alikuwa anahesabu uzito kwa kila mita.

Halafu unene. Chini kuba lina unene wa karibu mita 6, juu kwenye jicho linabaki mita 1.2 tu. Upande wa ndani wakachonga visanduku 140, safu 5 zenye visanduku 28 kila moja. Mgeni anaviona kama pambo, na pambo ni kweli, ila vimepunguza zege vilevile. Na lile jicho lenyewe ni mahali ambapo wangeweka zege wakaamua wasiweke. Pamoja na hayo yote, kuba linakadiriwa kuwa na tani 4,500 hivi.

Kuta nazo zina unene wa mita 6 lakini si donge moja. Zimetobolewa kwa vyumba vikubwa, kiasi kwamba mzigo unabebwa na nguzo 8 nene, na ndani ya ukuta wamejenga matao ya matofali yanayousukuma uzito kuelekea kwenye nguzo hizo. Ukizunguka nyuma ya jengo unayaona matao hayo wazi, kwa sababu marumaru na lipu ya zamani vimekwisha kubanduka. Mimi nilikaa huko nyuma muda mrefu kuliko ndani.

Nitaendelea na mchanganyiko wenyewe nikirudi. Karibuni.

Karai

Mkuu umetisha, nimeweka kambi hapa. Swali langu ni moja: kama hakuna nondo, nini kinalishika lile kuba? Sisi tukiacha nondo kwenye slabu ya mita 4 tu, inakatika siku ileile ya kutoa mirunda.

Timazi

Karai, swali lako ndilo moyo wa uzi.

Zege likibanwa ni simba, likivutwa ni karatasi. Slabu bapa ikipakiwa mzigo, sehemu ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, nayo inachanika. Ndiyo sababu tunalaza nondo chini. Jiwe nalo tabia yake ni hiyohiyo. Tazama Parthenon: nguzo 8 mbele, 17 ubavuni, 46 kwa jumla kuzunguka nje. Wagiriki hawakupenda msitu wa nguzo kwa urembo peke yake. Boriti ya marumaru ikiwa ndefu mno inakatika katikati, basi nguzo lazima zikaribiane.

Warumi walilishika tao wakaling'ang'ania. Kwenye tao kila jiwe linamkandamiza mwenzake, na mzigo unateremka hadi chini bila jiwe lolote kuvutwa. Kuba ni kama tao lililozungushwa. Ukingo wa jicho ni pete inayobanwa pande zote, kwa hiyo tundu lile halilidhoofishi kuba hata kidogo. Ni sawa na jiwe la kilele, tofauti yake ni kwamba katikati pako wazi.

Usielewe kwamba nondo ni makosa. Ghorofa za slabu bapa, daraja refu jembamba, jengo kwenye eneo la matetemeko, huwezi bila chuma. Hoja yangu ni kwamba sisi tumekichukua chuma, tukachukua na adui yake.

Kokoto ya Kunduchi

Adui gani? Kutu?

Timazi

Ndiyo. Hili nina uchungu nalo, naomba mniruhusu.

Niliwahi kuitwa kukagua jengo la ghorofa 4 karibu na bahari. Jina na mahali naviacha. Lilikuwa na miaka 17. Roshani zote za upande wa bahari, chini yake zege limeanguka vipande vipande, nondo zipo nje nyekundu, nyingine zimebaki nyembamba kama msumari. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alinionyesha kipande kilichoangukia kwenye kiti cha mwanawe, mtoto akiwa shuleni. Tulipochimba tukakuta nondo zililazwa sentimita moja tu kutoka usoni mwa zege. Hakuna aliyehangaika kuweka biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo. Na mchanga ulikuwa umechotwa ufukweni, una chumvi yake, haukuoshwa.

Zege zima linailinda nondo, kwa sababu saruji inaizunguka na mazingira ambayo kutu haishiki. Lakini hewa inapenya polepole mwaka baada ya mwaka na kuuondoa ulinzi huo, na chumvi inauondoa haraka zaidi. Chuma kikishaota kutu kinavimba, nafasi kinayoitaka inaongezeka mara kadhaa, nacho kinalipasua zege kutoka ndani. Mvua inaingia kwenye ufa, kutu inaongezeka, basi tena.

Pantheon haina kitu hicho ndani. Haina cha kuvimba.

Na sasa kisa cha Parthenon. Wagiriki hawakutumia udongo wala chokaa kuunganisha marumaru. Walikata mawe yakakaa barabara, kisha wakayafunga kwa vibanio vya chuma vyenye umbo la herufi H, na kila kibanio wakakimiminia risasi iliyoyeyushwa, ile metali laini na nzito, kukifunika chote. Risasi ilizuia maji na hewa. Vibanio hivyo vilikaa zaidi ya miaka 2,300, na vingi vilitolewa vikiwa bado vizima. Ndipo mhandisi Nikolaos Balanos akaja kulikarabati hekalu, kuanzia mwaka 1898 hadi 1933. Alikuwa na nia njema, lakini alitumia chuma cha kawaida bila kukifunika kwa risasi. Haikufika miaka 100. Chuma kikavimba, marumaru iliyovumilia mlipuko wa baruti wa mwaka 1687 ikaanza kupasuka kwa sababu ya vyuma vya ukarabati. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Ugiriki wanafanya kazi ya kuvitoa kimoja kimoja na kuweka titani, metali ambayo haishiki kutu. Sehemu kubwa ya kazi inayoendelea pale juu kilimani ni kurekebisha ukarabati.

Colosseum nayo, ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma, ukiitazama kwa karibu ina matundu kila mahali, utadhani imepigwa risasi za bunduki. Ni mahali palipokuwa na vibanio vya chuma. Jengo lilipoachwa, watu wa zama za kati walichimba mawe ili wavitoe wakauze chuma.

Mwana wa Mchoma Chokaa

Salaam ndugu zangu. Mimi ni mtu wa mwambao, na marehemu babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Mnapozungumza zege la Warumi kumbukeni kwamba nao hawakuwa na saruji. Walikuwa na chokaa. Saruji hii ya Portland ni ya juzi, Joseph Aspdin aliipatia hati yake Uingereza mwaka 1824.

Huku kwetu waliweka magogo kwa mviringo kama kichuguu, wakapanga matumbawe juu yake, wakawasha moto. Kikishapoa kinabaki kilima cheupe kinachoachwa kinyeshewe hadi kilainike. Babu alikuwa anasema chokaa changa inauma ukuta. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani makuba yake ni ya matumbawe na chokaa, nayo hayana chuma. Ukiingia pale unaelewa kwamba huu ufundi wa tao na kuba hatukuhadithiwa tu.

Ila chokaa yetu ina udhaifu, na hapo nataka mtoa mada aendelee: inakauka kwa hewa. Ukiiweka mahali penye maji muda wote haishiki. Warumi walijenga bandari ndani ya bahari. Walifanyaje?

Timazi

Shikamoo mzee wangu, kama ni mzee. Umeniwahi, ndicho nilichotaka kuandika.

Jibu ni pozolana. Karibu na Napoli kuna mji wa Pozzuoli, na ardhi yake yote ni majivu ya volkano. Jina pozolana limetoka hapo. Warumi waligundua kwamba ukichanganya majivu hayo na chokaa, mchanganyiko unashika hata chini ya maji. Vitruvius, mjenzi aliyeandika vitabu 10 vya ujenzi kabla ya kuzaliwa Kristo, ametoa vipimo: kwa kazi za baharini, sehemu 2 za majivu kwa sehemu 1 ya chokaa. Kwa majengo ya nchi kavu, sehemu 3 za mchanga wa kuchimbwa kwa sehemu 1 ya chokaa, na ukitumia mchanga wa mto au bahari basi 2 kwa 1, tena anashauri uongezwe unga wa vigae vilivyopondwa. Mtu aliyeandika kitabu na kutaja vipimo hakuwa anaficha siri.

Kinachotokea ni kwamba silika na alumina zilizomo kwenye majivu zinashikana na chokaa palepale zikipata maji, bila kungoja hewa. Baharini inakwenda mbali zaidi. Maji ya chumvi yanayopenya taratibu kwenye zege hilo yanaotesha fuwele ndani yake, na fuwele hizo zinalibana. Utafiti ulioongozwa na Marie Jackson, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha jambo hilo kwenye nguzo za bandari za Kirumi. Chumvi ileile inayoua roshani zetu, kwao inaimarisha, kwa sababu haikuti chuma ndani.

Kuna lingine la mwaka 2023, la kundi la Admir Masic wa MIT huko Marekani. Kwenye zege la Kirumi huonekana vidonge vyeupe vya chokaa, na zamani wataalamu walidhani ni ukorogaji mbovu. Kundi hili likasema hapana: Warumi walitia chokaa mbichi, ile iliyotoka tanurini haijazimwa, wakakoroga na majivu na maji, mchanganyiko ukachemka wenyewe. Vidonge vinabaki. Siku zege likipata ufa mwembamba, maji yakaingia, kidonge kinayeyuka, chokaa inasafiri kwenye ufa na kuuziba. Walitengeneza zege la namna hiyo maabara, wakalipasua, wakapitisha maji, na baada ya wiki 2 maji hayakupita tena.

Mzee wangu, najua hapo utapinga, maana babu alisema chokaa changa inauma ukuta. Alisema kweli kwa lipu na kwa chokaa ya matumbawe peke yake.

Mwana wa Mchoma Chokaa

Marahaba. Sipingi. Nataka tu isemwe kwamba hata Vitruvius, kwa upande wa lipu, amesisitiza chokaa ilowekwe muda mrefu kabla ya kazi. Ni ileile ya babu. Kila kazi na chokaa yake.

Dada Mhandisi

Mtoa mada, uzi mzuri na nimefurahi kuona mtu wa site anaandika hivi. Ila naomba kurekebisha jambo moja kwa nia njema. Umeandika kama vile kuba halina nyufa. Zipo. Alberto Terenzio alilikagua kwa kina miaka ya 1930 akakuta nyufa zinazopanda kutoka chini ya kuba kuelekea juu, kama mistari ya chungwa lililomenywa. Nyingine zinaaminika kuwa ni za zamani sana, huenda za miaka ya mwanzo ya jengo.

Sababu ni hii. Ile nadharia kwamba kuba zima linabanwa ni kweli kwa sehemu ya juu tu. Sehemu ya chini ya kuba inataka kufunguka kwenda nje, yaani pete za chini zinavutwa, na zege halipendi kuvutwa. Kwa hiyo likapasuka. Lakini likishapasuka halikuanguka. Liligeuka kuwa matao mengi yaliyosimama bega kwa bega yakiegemeana juu kwenye pete ya jicho. Zile ngazi 7 za zege unazoziona nje, chini ya kuba, ni uzito wa kuzuia matao hayo yasitanuke miguu. Na kuta za mita 6 zinamalizia kazi.

Nimelisema hili kwa sababu vijana wengi wanadhani jengo zuri ni lile lisilo na ufa. Mbunifu wa Pantheon alijenga jengo ambalo likipata ufa bado lina njia nyingine ya kusimama.

Timazi

Dada, asante sana. Umenirekebisha kwa haki na nimelipokea. Nilikuwa natazama kwa jicho la mtu wa chini, na nyufa hizo zimezibwa na kupakwa. Maneno yako kuhusu njia ya pili ya kusimama nitayapeleka kwa vijana wangu Jumatatu.

Sauti ya Pembeni

Haya yote sawa, lakini mbona hakuna anayemtaja aliyebeba mawe? Majengo hayo ni jasho la watumwa. Tukiyasifu tuyasifu na ukweli wake.

Timazi

Una haki ya kuuliza, na mimi sitaki tuyasafishe.

Nguzo za ukumbi wa mbele wa Pantheon ni 16, kila moja ni jiwe moja la granite, urefu wa karibu mita 12 na uzito wa tani 60 hivi. Zile za kijivu za mstari wa mbele zilichongwa Mons Claudianus, kwenye jangwa la mashariki mwa Misri. Zikakokotwa zaidi ya kilomita 100 hadi mto Nile, zikashuka na mto, zikavuka bahari ya Mediterania, kisha zikapanda na mto Tiber hadi Roma. Ni jiwe la Afrika lile, na watu wa Misri ndio walilitoa.

Kule machimboni wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta maelfu ya vigae vilivyoandikwa hesabu za kila siku: mgao wa maji, mgao wa nafaka, majina, mishahara. Vinaonyesha mafundi stadi waliolipwa ujira kila mwezi, wengi wao Wamisri. Kwa hiyo pale si watumwa watupu. Athens nako zimebaki hesabu za hekalu la Erechtheion, za miaka ya mwisho ya karne ya 5 KK: raia, mgeni mkaazi na mtumwa wamechonga nguzo moja pamoja, na ujira ni drakma 1 kwa siku kwa kila mmoja. Ila ujira wa mtumwa uliishia kwa bwana wake. Na fedha za Athens zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya miji iliyoibana na kwenye migodi ya Laurion, na huko migodini watumwa walikufa kwa wingi. Colosseum, iliyofunguliwa mwaka 80, iligharamiwa na nyara za vita vya Yudea. Hayo nayo ni sehemu ya jengo kama ilivyo kokoto yake.

Tukimtaja Agrippa na Hadrian tuwataje na mafundi wale wa vigaeni. Mimi ningependa kujua jina la yule aliyesimamia mbao zilizobeba kuba lile bichi. Kazi ya kutoa mbao chini ya tani 4,500 naijua inavyosumbua tumbo.

Karai

Mkuu, la mwisho. Wewe umesema mchanganyiko, uzito, kukosa nondo. Mbona majengo mengine ya Kirumi yenye zege lilelile ni magofu?

Timazi

Kwa sababu hayakuwa na mwenyewe. Mwaka 609 kaisari Phocas alimpa Papa Boniface IV Pantheon, ikawa kanisa, na ni kanisa hadi leo. Jengo lenye ibada lina mtu wa kupanda paani kutazama panapovuja. Colosseum haikuwa na mtu huyo, ikageuzwa machimbo ya mawe ya kujengea mji.

Hata hivyo Pantheon haikuachwa salama. Mwaka 663 kaisari Constans II alibandua vigae vya shaba vya kuba akavichukua. Zege likabaki wazi, na karne iliyofuata likafunikwa kwa mabati ya risasi. Miaka ya 1620 Papa Urban VIII wa ukoo wa Barberini aling'oa boriti za shaba za ukumbi wa mbele, nyingi zikayeyushwa kuwa mizinga. Warumi wakatunga msemo kwamba washenzi hawakufanya walichofanya Barberini.

Lakini kila mara mtu alikuja akatengeneza. Ukifika pale utakuta kaburi la mchoraji Raphael, aliyezikwa mwaka 1520, na ya wafalme wawili wa Italia. Nyumba yenye makaburi ya wafalme haiachwi ivuje.

Kokoto ya Kunduchi

Na yale maji ya mvua yanaenda wapi? Na kiingilio ni bei gani, nina mdogo wangu yuko Milano.

Timazi

Sakafu imeinuka kidogo katikati, huwezi kuigundua kwa macho, maji yanateleza kuelekea pembeni na kuna vitundu vidogo vimetobolewa kwenye marumaru vinavyoyapeleka kwenye mifereji ya chini. Mtu wangu mmoja wa vigae vya sakafuni angesema wamepiga mteremko vizuri.

Kiingilio kilianza kutozwa Julai 2023, kwa yuro 5, zamani ilikuwa bure. Mwambie akiweza aende tarehe 21 Aprili, siku Warumi wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa mji wao. Mchana wa siku hiyo jua linalopita kwenye jicho linaangukia mlangoni kabisa. Asipoweza, aende saa yoyote yenye jua, atafute duara la mwanga ukutani, asimame palepale kwa dakika 20. Ataliona linatembea juu ya vile visanduku. Kisha azunguke nyuma ya jengo akayatazame yale matao ya matofali, na anipigie picha ya viungio vyake kwa karibu, kwa sababu za kwangu zilitoka na ukungu wa mvua.